"Mama, Rudi Ijumaa"

Mombasa, Ijumaa ni siku ya sadaka. Ombaomba wapo siku zote, lakini Ijumaa asubuhi ndiyo zamu yao inayotambuliwa. Wanapita duka kwa duka, kuanzia soko la Marikiti hadi Mtaa wa Biashara, na mwenye duka ana kikopo cha sarafu karibu na droo ya pesa. Kila apitaye anapewa chake, bila maswali wala kufukuzana. Akija siku nyingine huambiwa arudi Ijumaa. Siibezi desturi hii. Nimekua nikitumwa na babu kugawa hizo sarafu. Naanza nayo kwa sababu asiyeijua hatafahamu alichosema bawabu.

Kisa ni cha Jumatano moja ya Agosti 2024, kwenye mkahawa mmoja ukingoni mwa Mji wa Kale. Mimi nimekuwa weita miaka tisa katika mahoteli ya Nyali na Bamburi, na sasa nafundisha vijana kazi hiyohiyo. Nakitumia kisa hiki darasani bila jina la mkahawa, na hapa pia silitaji, maana biriani yao ni nzuri na mwenyewe, kama utakavyoona, si mtu mbaya.

Aliyenialika ni dadangu, binti wa mama mkubwa. Kanizidi miaka sita kwa hiyo kwangu ni Dada tu. Ni mhasibu, anaandika vitabu vya maduka kadhaa. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu. Alisomea shule kwa vyuma vya miguu na magongo, na sasa anatumia kiti cha magurudumu ambacho yeye hukiita "gari yangu". Siku hiyo mteja aliyemzungusha miezi minane alikuwa amemlipa hatimaye, akanipigia simu: njoo tule, leo nina pesa za watu wabishi.

Tulishuka kwenye tuktuk. Dereva alifungua kamba, akateremsha kiti kilichokunjwa, nikakikunjua, na Dada akajihamisha mwenyewe kwa nguvu za mikono, jambo linalomchukua sekunde chache na asilopenda kusaidiwa. Nikabaki nyuma kulipa nauli. Kwa hiyo alifika mlangoni peke yake, na ndiyo sababu kuna kisa cha kusimulia. Tungefika pamoja, bawabu angenisalimia mimi na kufungua mlango, tusingejua alichokuwa nacho kichwani.

Bawabu, kijana mpole, aliinama kidogo akasema kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake:

"Mama, leo Jumatano. Rudi Ijumaa, tajiri huwa anatoa."

Dada alikuwa na buibui jipya, mkoba wa ngozi mapajani, saa mkononi. "Nimekuja kula," akasema. Kijana hakumjibu. Aligeuka kutazama ndani, kama anayetafuta ruhusa, na hapo ndipo mimi nikafika. Aliponiona uso ukamlegea, akaelewa kwamba mama "ana mtu".

Wanafunzi wangu hutaka bawabu afukuzwe kazi. Huwa nawauliza: alikosea kazi gani? Aliajiriwa azuie ombaomba wasiingie kwenye meza za wateja, na akilegea anakaripiwa. Watu wenye viti vya magurudumu anaowaona kila siku, pale Marikiti na kwenye lango la Makadara, wengi wanaomba. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mteja anaweza kuja akiwa ameketi. Alitazama kiti, buibui hakuliona, wala mkoba. Na tuseme ukweli wetu: angekuja mzee wa Kijerumani kwenye kiti kilekile, hata na kaptura iliyochakaa, bawabu angekimbia kumshika mkono. Mzungu kwenye magurudumu ni mtalii. Mswahili kwenye magurudumu ni Ijumaa.

Mlangoni kuna ngazi tatu. Nilizipima baadaye: kila moja sentimita 16. Ni jengo la zamani, lina baraza mbele na kizingiti cha mlango wa nakshi ambacho hata mwenye miguu lazima akiruke. Weita wawili walitoka mbio, na mbio zenyewe ndizo zilizonitia wasiwasi. Mmoja akashika mikono ya kiti, mwingine magurudumu.

"Msishike hapo," Dada akasema. "Hiyo mikono inachomoka."

Hawakumsikia, au walimsikia wakamtazama meneja aliyekuwa juu akisema "polepole, polepole". Mkono wa kushoto wa kiti ukachomoka. Kiti kikainama, Dada akadaka ukingo wa baraza, mkoba ukamwaga simu, kalamu na risiti kichochoroni. Hakuanguka. Lakini kwa kama nusu dakika mtu mzima mwenye miaka arobaini na kitu alikuwa ananing'inia mlangoni mwa mkahawa, watu ndani wameacha kula wanatazama, na kila mtu anasema "pole mama" isipokuwa yule ambaye angesema shika hapa.

Kuna njia ya kufanya hivi, nayo inafundishika kwa dakika tano. Kiti hupandishwa ngazi kinyumenyume. Mwenye nguvu zaidi hukaa juu akishika vishikio vya kusukumia, hukilaza kiti kikasimama kwa magurudumu makubwa, na huvuta ngazi moja baada ya nyingine. Wa pili hukaa chini, akashika fremu yenyewe, si mikono, si magurudumu, si pahali pa kuwekea miguu, maana hivyo vyote huchomoka au huzunguka. Kabla ya yote unamuuliza mwenye kiti, kwa sababu yeye amepandishwa ngazi mara elfu na wewe hii ndiyo ya kwanza. Nikifika hapa darasani mara nyingi kuna kijana anayesema, lakini wale weita walikuwa na nia njema. Walikuwa nayo, tena kubwa. Ndiyo iliyowafanya wakimbie.

Ndani, viti vilikuwa mabenchi yaliyopigwa bolti sakafuni. Nafasi pekee ilikuwa mwisho wa meza, kwenye njia wanayopita weita na sinia, kwa hiyo kila dakika mbili mtu alikuwa anasema "samahani mama, vuta kidogo". Chini ya meza kulikuwa na ubao wa kukingama ulioyazuia magoti yake, kwa hiyo alikaa mbali na sahani kama shubiri moja. Wali wa biriani ukisafiri umbali huo juu ya buibui jeusi, unajua utaishia wapi.

Weita akaja na menyu moja. Akanipa mimi. Kisha, akimwonyesha Dada kwa kidevu, akaniuliza:

"Na yeye atakula nini?"

Dada ndiye aliyejibu. "Yeye atakula biriani ya kuku," akasema, "na yeye ndiye mlipaji."

Kijana alicheka kwa aibu, akaandika. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo nimelitoa mwenyewe miaka tisa. Naukumbuka ukumbi mmoja wa Bamburi, mzee aliyepooza upande, mkewe pembeni, nami nimesimama na kidaftari nikimuuliza mke kama mume angependa supu. Mzee alikuwa anaongea vizuri kabisa. Hakuna meneja aliyenikosoa, kwa sababu lilionekana ni adabu: usimsumbue mgonjwa. Mtu akiwa na kasoro ya miguu tunampunguzia na masikio, na ulimi, na mwishowe pochi.

Kwenda kunawa ilikuwa shida nyingine ndogo. Sinki liko juu ya kijukwaa chenye ngazi moja, nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Dada alitoa tishu zenye maji mkobani, akafuta vidole, akala. Mimi nilikaa nikiwaza jinsi tulivyosahau vitu vyetu wenyewe. Kwa bibi yetu mgeni hakuinuka kwenda kunawa. Birika na tasa vilimfuata alipoketi, mtoto akamiminia maji huku kitambaa kiko begani, na mgeni angekuwa na miguu au asiwe nayo hakuna tofauti iliyoonekana. Tena chakula kilikuwa mkekani, wote tumeketi chini. Dada husema pale ndipo mahali pekee alipokula bila mtu kujua kimo chake.

Kisha ukwaju. Tuliagiza glasi mbili, zikaja zimejaa barafu. Yangu nikaimaliza nikaomba nyingine. Yake aliionja mara mbili akaisogeza. Nikamuuliza kama ni mbaya. "Ni nzuri sana," akasema, na akatazama juu. Nikafuata macho yake: kibao chenye mshale, choo kiko orofani, ngazi nyembamba za zege. Ndipo nikafahamu kwa nini siku za kutoka huwa hanywi chai asubuhi. Ni hesabu anayoifanya kabla ya kuvaa viatu: saa ngapi nitakuwa nje, choo cha karibu kiko wapi, nitakunywa kiasi gani. Daktari amekwisha kumwonya kuhusu mafigo. Barafu iliyeyuka kwenye ile glasi mpaka rangi ikawa kama ya chai ya mtoto.

Nimeambiwa na watu kadhaa kwamba hadi hapa ni usumbufu tu, jengo la zamani, utafanyaje. Labda. Lakini kilichonifanya nikiite kisa ni bili.

Ilikuwa shilingi 1,350: biriani mbili kwa 450, ukwaju tatu kwa 150. Weita aliiweka mbele yangu. Dada akaivuta, akaomba nambari ya M-Pesa. Meneja aliyeona vurugu za mlangoni akaja mwenyewe, akaiinua ile karatasi mezani, mkono mwingine kifuani.

"Mama, leo hii ni yetu. Wewe utuombee dua tu."

Nilimwona Dada akinyamaza. Yeye si mtu wa kunyamaza. Alikuwa na malalamiko manne aliyoyapanga kama mhasibu: mlango, ngazi, meza, choo. Na sasa mkononi mwa huyu bwana kulikuwa na zawadi ya shilingi 1,350, na mtu aliyepewa zawadi hana mdomo. Ukila cha bure utalalamikia nini? Ndiyo Ijumaa ileile imerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii na tabasamu na harufu ya oudi.

"Dua nitakuombea bure," akasema. "Biriani nalipa."

Meneja alisisitiza, Dada akasisitiza, ikawa karibu ugomvi, na weita wakawa wanamtazama Dada kama mtu mkorofi. Mwishowe alilipa. Lakini yale malalamiko manne hakuyasema siku hiyo. Alikuwa amechoka, na alitaka kufika nyumbani, kwa sababu zile mara mbili za kuonja ukwaju zilikuwa zimeanza kudai haki yao.

Darasani hubishana sana juu ya meneja. Wengi wanamtetea, na kwa desturi zetu wana hoja: mgeni kaumizwa nyumbani kwako, humlipishi. Ningekubali, kama angesema, "Tumekukosea pale mlangoni, tuwie radhi, chakula cha leo ni fidia." Hapo angekuwa mteja aliyekosewa. Alichosema ni dua. Aliyetoa aliingiza thawabu kwenye daftari lake mwenyewe, na kosa halikuandikwa popote.

Kwa upande wa sheria, Kenya haina upungufu wa maneno mazuri. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na haki ya kufika mahali pote kwa kiasi cha kuridhisha. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na si kwa serikali peke yake, hata kwa mtu binafsi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003, iliyokuwa ikitumika siku ile, ilikuwa na kipengele ninachokipenda. Unakijua kile kibao cha Kiingereza kwenye milango ya mikahawa, kisemacho kwamba wasimamizi wamejihifadhia haki ya kuamua nani aingie? Sheria ilisema mwenye mahali hana haki hiyo dhidi ya mtu mwenye ulemavu kwa sababu ya ulemavu wake pekee, na aliyezuiwa anaweza kudai fidia mahakamani. Mkahawa huu una kibao hicho, kimebandikwa kwenye kioo juu ya kichwa cha bawabu.

Je, Dada alizuiwa? Wakili angesema hapana, aliingia akala. Mimi naona alizuiwa kwa muda niliochukua kumlipa dereva wa tuktuk. Sheria hiyo pia iliacha mwanya: unaweza kumkatalia mtu ikiwa unajali kwa dhati usalama wake. Mwanya huo ni mpana kuliko mlango wenyewe. Anayetaka kukataa atakwambia, mama, ngazi hizi utaanguka, na ngazi ni zake.

Dada hakwenda mahakamani wala kwenye Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Alisema anataka chakula cha mchana, hataki kesi. Wiki mbili baadaye tulirudi kuonana na tajiri mwenyewe, yaani mwenye mkahawa, Jumanne saa tisa, wakati mkahawa umelala na wapishi wanakata vitunguu vya jioni. Safari hii tuliketi nje barazani, yeye kwenye jiwe, Dada kwenye kiti chake kichochoroni, macho yakiwa sawa.

Tajiri ni mzee wa makamo, msikivu, na alikuwa na majibu tayari. Jengo liko ndani ya eneo lililohifadhiwa chini ya Makumbusho ya Taifa, ngazi na mlango havigusiki bila kibali. Pesa hakuna. Na wateja wa namna hiyo, Mungu amjalie kila la heri mama, ni wachache. Yeye katika miaka yake yote pale hawakumbuki hata watano.

Dada hakumjibu kwa haki. Alitoa kalamu. "Sisi Idi tunakula nje, watu 14," akasema. "Kila mwaka anayeamua wapi ni mimi. Si kwa ukubwa wangu, ni kwa ngazi. Nikishindwa kuingia mimi, hawaingii 14." Akamwandikia hesabu nyuma ya risiti: 14 mara biriani mara vinywaji. Kisha akamuuliza kama kwao hakuna mzee mwenye magoti mabovu.

Mzee alikaa kimya, akazungusha tasbihi. "Mamangu," akasema. "Mamangu hapandi hapa mwaka wa sita sasa. Nampelekea hotipoti."

Hakuna aliyesema kitu. Jikoni redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

Kutoka hapo mazungumzo yakawa ya fundi. Tajiri alitaka njia ya ubao pale mbele, akamtuma kijana alete mbao ya mita moja na nusu iliyokuwa stoo. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo nitaeleza. Kipimo kinachotumika ni 1 kwa 12: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za 16 ni 48, mara 12 ni 576, yaani karibu mita sita. Kichochoro chenyewe upana wake ni kama mita tatu; njia hiyo ingevuka barabara na kuingia kwa jirani. Mbao ya mita moja na nusu ingekuwa bembea ya kuteleza. Tuliijaribu na kiti kitupu, kikarudi chini chenyewe na kumgonga kijana magoti.

Lakini ubavuni kuna mlango mwingine, unaopitishiwa kreti za soda. Una ngazi moja tu, sentimita 15. Mara 12 ni mita 1.8. Fundi wa Kongowea alitengeneza njia ya mbao inayoinuliwa na kurudishwa ndani usiku, yenye vipande vya mpira wa tairi juu ili isiteleze mvua ikinyesha, na kingo mbili pembeni gurudumu lisichomoke. Ilimgharimu tajiri shilingi 9,000. Haikuhitaji kibali cha mtu, kwa kuwa haikugusa ukuta. Meza moja karibu na mlango huo ilitolewa ule ubao wa chini, na benchi lake moja likafunguliwa bolti. Birika na tasa vilinunuliwa, na sasa hata wazee wenye miguu mizima wanaviomba.

Sikuupenda mlango wa soda. Nilimwambia Dada kwamba ni dharau, mtu kuingia na kreti. Alinijibu kwamba mimi napigania mlango mzuri, yeye anapigania mlango. Bado sijui kama alikuwa sawa. Mara nyingine huniambia anasikia harufu ya samaki aliyeoshwa kabla ya kusikia salamu.

Weita niliwafundisha mwenyewe, asubuhi mbili kabla ya kufungua. Ngazi na namna ya kushika kiti zilikuwa rahisi. Kilichochukua muda ni macho: umtazame nani unapouliza oda. Nikamleta rafiki yangu asiyeona, ambaye alitufanya tucheke. Vitabu vya mafunzo ya uweita hufundisha kumweleza mteja asiyeona sahani kwa mfano wa saa: nyama iko saa tatu, wali saa sita. Weita mmoja akamwambia, kuku yuko saa tatu. Rafiki yangu akauliza: saa tatu ya Kiswahili au ya Kizungu? Maana saa tatu yetu asubuhi, mshale mfupi uko kwenye 9, upande wa pili wa sahani. Tangu hapo ni "kulia kwako", "karibu na kifua chako", na tumeacha saa ikae ukutani. Na menyu isomwe pamoja na bei. Watu husoma vyakula wakaruka bei, kana kwamba asiyeona hana haja ya kujua anatumia ngapi.

Kwa viziwi niliwasimulia juu ya mkahawa wa Neema Crafts pale Iringa, Tanzania, ambako wahudumu wenyewe ni viziwi na mteja huandika oda yake kwenye karatasi. Ukikaa pale, mgeni wa lugha ni wewe. Nilitaka wajue kwamba kalamu na kidaftari walivyo navyo mfukoni vinatosha kuanzia. Na karibu zaidi, hapa Mombasa, Bombolulu, ambako tangu 1969 watu wenye ulemavu wanatengeneza vipuli na vifaa vya ngozi vinavyonunuliwa na watalii, hakuna anayeshangaa kuona kiti cha magurudumu mlangoni. Ni umbali wa nauli ya matatu, ng'ambo tu ya daraja la Nyali.

Tulivyokuwa tukivutana na tajiri juu ya choo, Mei 2025, Rais alitia saini Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, ile ya 2003 ikaondoka. Nilimpelekea habari hizo. Akauliza kama sheria inaleta na fundi. Choo cha chini kinahitaji bomba la maji taka lipite chini ya sakafu, na sakafu ni ya jengo lililohifadhiwa. Hapo kibali kinahitajika kweli, na mwenye nyumba hataki kusikia. Hili halijapata jibu.

Jambo moja sikulitarajia. Januari 2025, kabla ya sheria hiyo, tulipokwenda weita wa kwanza hakuwepo tena, alikuwa amepata kazi Diani. Mpya akaja na menyu moja, akanipa mimi, akauliza: "Na yeye atakula nini?" Miezi mitano ya kazi yangu ilikuwa imepanda feri ya Likoni na yule kijana. Katika biashara yetu weita hakai, na nilichokuwa nimekifundisha nilikifundisha kwa watu, sikukifundisha kwa mkahawa. Sasa kuna karatasi nyuma ya kaunta, kwa mwandiko wa Dada, mistari minne. Wa kwanza unasema: menyu kwa kila mtu. Wa mwisho: bili kwa aliyeiomba. Bawabu yule yule bado yupo, na ndiye anayewasomea wapya.

Mara ya mwisho tulikwenda Ijumaa. Ombaomba walikuwa wameshapita, kikopo kiko tupu kaunta. Bawabu aliweka njia ya mbao kabla tuktuk haijasimama, akasema, "Karibu Dada, ile meza iko wazi." Biriani ilikuja imepoa. Dada alipeleka mkono juu, akamwita weita, akamwambia wali ni wa asubuhi na kuku hakuiva kwenye mfupa, airudishe. Kijana akaichukua bila neno, akarudi baada ya dakika kumi na sahani nyingine inayofuka moshi. Dada akaila yote, akapinga bili kwa shilingi 50 za kachumbari aliyodai hakuagiza, akashinda, akalipa.

Glasi ya ukwaju aliiacha nusu.